Shahada ya siasa hulipa kwa kuchelewa

Mwanafunzi wa siasa huulizwa swali lilelile kila likizo, kuanzia kwa shangazi mpaka kwa mwenye duka la mtaani: "Sasa mwanangu, ukimaliza hiyo utakuwa nani?" Anayesomea uuguzi haulizwi, anayesomea ualimu haulizwi. Huyu wa siasa hucheka, au hutaja ubunge ili yaishe. Na ubunge ndio jibu baya kuliko yote, kwa sababu hauhitaji hiyo shahada. Ibara ya 67 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inamtaka mgombea awe raia, awe ametimiza miaka 21, awe amependekezwa na chama na ajue kusoma na kuandika kwa Kiswahili au Kiingereza. Miaka mitatu ya chuo kikuu, Mlimani au Dodoma, haimo humo. Kwa anayeutaka ubunge tu, hela ya ada ingefaa zaidi kwenye mafuta ya pikipiki ya kuzungukia kata.

Wazazi wana haki ya kuuliza, maana picha waliyo nayo ni ya zamani. Miaka ya 1960 na 1970 mhitimu wa chuo kikuu alipangiwa kazi hata kabla hajakabidhi funguo za bweni. Yoweri Museveni alimaliza Dar es Salaam mwaka 1970, na muda si mrefu akawa ofisini kwa Rais Obote, Kampala. Mageuzi ya utumishi wa umma ya miaka ya 1990 yalikata kamba hiyo. Tangu hapo shahada ni tiketi ya kupanga foleni, na foleni hiyo ndiyo yenye gharama ambayo watu hawaihesabu.

Tuchukue kalamu. Mfano wetu ni kijana anayesoma Sayansi ya Siasa na Utawala wa Umma kwenye chuo cha umma Tanzania, miaka mitatu, kwa mkopo kamili wa Bodi ya Mikopo. Chakula na malazi ni 10,000 kwa siku (ilikuwa 8,500 mpaka ilipopandishwa mwaka wa masomo 2022/23). Fedha hiyo, yaani bumu, huingia kwa mafungu ya siku 60. Kila fungu ni laki sita, na mafungu manne kwa mwaka ni 2,400,000. Vitabu na viandikia 200,000. Ada tuiweke milioni moja kwa mwaka. Hapo ni 3,600,000 kwa mwaka, 10,800,000 kwa mitatu. Ongeza mafunzo kwa vitendo ya siku 56 kwa 10,000 kila siku, deni linafika 11,360,000.

Wanaopewa kila kipengele kwa ukamilifu si wengi, na kozi za sayansi ya jamii zimekuwa zikikaa mkiani kwenye makundi ya vipaumbele vya Bodi. Kwa hiyo sehemu ya hiyo milioni 11 hutoka mfukoni kwa mzazi, kwa shamba lililouzwa au kwa mchezo wa kina mama. Fedha ya mzazi haiandikwi popote ila nayo ni deni.

Sasa tuangalie upande wa kulipwa. Watu hutaja mshahara, wakaishia hapo. Chukua salari slipu ya mtumishi mpya wa serikali, uisome mstari kwa mstari. Tuseme mshahara wa msingi ni 800,000. Si namba ya daraja lolote, ni ya kurahisishia hesabu. Mstari wa kwanza ni PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, asilimia 5, yaani 40,000. Inabaki 760,000, na hiyo ndiyo hukatwa kodi: laki mbili na sabini za kwanza hazitozwi, kutoka hapo mpaka 520,000 ni asilimia 8, kisha asilimia 20 mpaka 760,000. Jumla ya kodi ni 68,000. Bima ya afya asilimia 3, yaani 24,000. Chama cha wafanyakazi asilimia 2, hapo 16,000 nyingine. Halafu Bodi ya Mikopo, asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 120,000. Hapa ndipo wengi hushtuka: wanadhani asilimia hiyo inapigwa kwenye kinachobaki, kumbe inapigwa juu kabisa, kabla ya kodi na kila kitu. Kabla ya sheria kubadilishwa mwaka 2016 makato hayo yalikuwa asilimia 8.

Makato yote ni 268,000. Mkononi inabaki 532,000.

Sekta binafsi kwa mshahara uleule haiko mbali. NSSF, mfuko wa pensheni wa huku, huchukua asilimia 10, yaani 80,000. Kodi inashuka mpaka 60,000 kwa sababu kinachotozwa ni 720,000. Bodi inachukua 120,000 zake. Mkononi inabaki 540,000. Tofauti ni 8,000 tu, na huyu wa binafsi hatujamwekea bima ya afya ndani yake.

Kuna mtego mmoja hapo kwenye slipu. Mtumishi wa umma anatakiwa abakiwe na angalau theluthi moja ya mshahara wa msingi baada ya makato yote. Theluthi ya 800,000 ni 266,667. Kwa hiyo kati ya 532,000 na theluthi hiyo kuna nafasi ya kama 265,000, na maofisa mikopo wa benki wanaijua nafasi hiyo kuliko mwenye mshahara. Kijana anathibitishwa kazini leo, wiki ijayo anapewa mkopo wa miaka sita au saba unaolamba nafasi yote, anapeleka kwenye kiwanja, harusi au gari. Kuanzia hapo anaishi kwa theluthi mpaka mtoto wa kwanza anaingia darasa la pili. Kama lazima ukope, jaza nusu ya nafasi, nusu nyingine iache wazi, maana serikali ikikuhamisha kutoka Morogoro kwenda Katavi posho ya uhamisho inaweza kuchelewa, na hapo huna pa kushika.

Turudi kwenye deni. Shilingi 11,360,000 kwa 120,000 kila mwezi ni miezi 95, karibu miaka minane. Inaonekana ndefu, lakini tangu mwaka 2021 tozo ya kulinda thamani ya mkopo, asilimia 6 kwa mwaka, na adhabu ya asilimia 10 kwa waliochelewa kuanza kulipa, zote zimeondolewa. Zamani kila mwaka wa kukaa kitaa bila kazi uliongeza deni, na mtu alipoajiriwa alikuta limevimba kuliko alilokopa. Siku hizi deni halivimbi hivyo. Kwa hiyo anayesema mkopo ndio unaoua thamani ya shahada hii anapiga hesabu ya miaka ile.

Kinachoua ni kusubiri. Mhitimu akikaa miaka mitatu kabla ya ajira ya kudumu, amepoteza miezi 36 ya 532,000, yaani 19,152,000. Hiyo ni zaidi ya gharama yote ya kusoma! Weka juu yake michango ya PSSSF ambayo haikuingia, 40,000 yake na 120,000 za mwajiri, ambayo kwa miezi hiyo ni 5,760,000. Kama kitaa anaokota 150,000 kwa mwezi kwa vibarua, amerudisha 5,400,000, pengo bado ni kubwa. Na kupanda cheo nako kunasogea mbele miaka hiyohiyo mitatu.

Ndiyo maana swali la kuuliza kuhusu shahada hii ni utasubiri miezi mingapi. Mshahara wake unajulikana. Kila mwezi unaoukata kwenye foleni ni laki tano na ushee, na miezi hiyo hukatwa mwaka wa pili wa chuo. Mwaka wa kwanza baada ya mahafali umeshachelewa.

Urefu wa foleni huu hapa. Mwanzoni mwa 2025 Mamlaka ya Mapato ilitangaza nafasi 1,596, wakaomba zaidi ya watu 135,000. Ni kama watu 85 kwa kiti kimoja. Humo walikuwemo wahasibu na wanasheria, na wa siasa pia, kwa sababu wa siasa huomba kila tangazo lenye maneno "au fani inayolingana".

Maneno hayo ndiyo ya kusoma kwa makini. Afisa Tawala, Afisa Tarafa, Mtendaji wa Kata, Afisa Uchaguzi, Afisa Mambo ya Nje, mchunguzi wa TAKUKURU: kwenye matangazo ya kada za namna hii Sayansi ya Siasa hutajwa kwa jina, au huingia kupitia Sayansi ya Jamii, Utawala au Menejimenti ya Umma. Halmashauri ziko 184 Bara, na kila moja ina kata na ofisi zinazohitaji watu wa utawala. Mambo ya nje, ambako nusu ya darasa huota, nafasi ni chache mno na wa Chuo cha Diplomasia Kurasini wanazigombea hizohizo. Tukisema kweli, nusu ya "Utawala wa Umma" kwenye jina la kozi ndiyo inayoleta mkate, na nusu ya "Siasa" ndiyo inayoleta raha. Anayechagua masomo ya hiari akajaza falsafa ya siasa na uhusiano wa kimataifa peke yake anajifungia milango ambayo angeifungua kwa somo moja la rasilimali watu, moja la fedha za serikali za mitaa na moja la sheria ya utawala.

Kwenye Ajira Portal, mtandao wa kuombea kazi za serikali, watu huanguka kwa mambo madogo ya karatasi kuliko kwa elimu. Kubwa ni majina. Cheti cha kidato cha nne kinasema Juma H. Salum, cha chuo Juma Hamisi Salumu, kitambulisho cha NIDA Jumaa Hamis Salum. Mwenyewe anaona ni mtu yuleyule, mfumo unaona watatu. Dawa yake ni hati ya kubadili jina iliyoandaliwa na wakili na kusajiliwa kwa Msajili wa Hati, na ifanyike mwaka wa pili wa chuo wakati hakuna haraka, si siku nne kabla ya tangazo kufungwa. Kosa la pili ni kupakia matokeo badala ya cheti: slipu za matokeo za kidato cha nne na cha sita hazipokelewi, wala matokeo ya muda ya chuo. Cheti chenyewe na nakala ya matokeo ya miaka yote, viwe vimethibitishwa na wakili. Waliosoma nje wapitishe vyeti vyao Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), na vya sekondari Baraza la Mitihani (NECTA). Kosa la tatu linachekesha mpaka likupate wewe: barua ya maombi haina saini. Iandike, ichapishe, isaini kwa kalamu, iskani, ndipo uipakie, na ielekezwe kwa Katibu, Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, S.L.P. 2320, Dodoma. Barua uliyoiandika kwa ajili ya taasisi nyingine ukasahau kubadili jina la cheo hukutoa nje palepale.

Ukiitwa, kuna mtihani wa mchujo wa kuandika kabla ya mahojiano. Hapa wa siasa wana ugonjwa wao. Swali linauliza taratibu za nidhamu ya mtumishi, mtu anaanza na Aristotle. Anayesahihisha anatafuta Sheria ya Utumishi wa Umma, Sura 298. Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma za mwaka 2009. Nani mamlaka ya nidhamu, mtuhumiwa anapewa hati ya mashtaka na nafasi ya kujibu kabla ya uamuzi, rufaa inakwenda wapi. Soma Sura 298 mara tatu, kifungu kwa kifungu, ni nyepesi kuliko vitabu vya nadharia ulivyokesha navyo. Jifunze pia PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji uliochukua nafasi ya OPRAS, maana huulizwa. Na ujue kuandika dokezo. Dokezo ni ukurasa mmoja unaokwenda kwa mkubwa ndani ya faili: aya ya kwanza inasema suala ni nini na lilianzia folio ipi, yaani ukurasa upi wa faili, ya pili sheria au mwongozo unasemaje, ya tatu njia zilizopo na gharama zake, ya mwisho unachoshauri kifanyike na unachoomba aidhinishe. Wahitimu wengi huandika aya nane za utangulizi, mkubwa anafika mwisho hajui anaombwa nini, faili linarudi masjala. Anayeandika dokezo safi hukaimishwa mapema, nimeliona hilo katika ofisi zaidi ya moja.

Mafunzo kwa vitendo basi yawe ya kulenga. Wiki nane hizo watu huzipoteza kwa kukaa mapokezi na kupeleka chai. Omba halmashauri yenye ofisa utumishi aliye tayari kukupa faili, uombe kushika muhtasari wa vikao vya kamati, usome bajeti ya kata moja mpaka uielewe. Siku ya mwisho chukua barua yenye jina, cheo na simu ya ofisi ya aliyekusimamia. Barua isiyo na mtu wa kupigiwa simu haina uzito.

Mlango wa pili ulikuwa asasi na miradi ya wafadhili, na lazima niseme ulikuwa. Januari 20, 2025 Rais wa Marekani alisitisha misaada ya nje, na Julai 1 mwaka huohuo USAID ikafungwa rasmi. Mikataba ya maofisa ufuatiliaji na tathmini, ambayo vijana wa siasa walikuwa wakiikimbilia, ilikatika katikati ya mwezi. Bado zipo asasi zenye wafadhili wengine, lakini sasa unagombea na watu wenye uzoefu wa miaka kumi walioachishwa mwaka ule. Yeyote anayekupa ushauri wa mwaka 2019 kuhusu mishahara ya asasi anakupoteza, hata kama ni mjomba wako.

Kilichobaki, na ninakipenda kuliko vyote, ni kazi ya data. Utafiti wa maoni ya wananchi ni siasa kwa tarakimu, na huku nchini ufundi huo una mizizi: Idara ya Siasa ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilikuwa na REDET tangu 1992, Twaweza wana Sauti za Wananchi kwa simu, Afrobarometer huja na dodoso la ana kwa ana. Tazama jinsi dodoso hilo linavyotembea. Sampuli ya watu 2,400 hugawanywa katika maeneo 300 ya kuhesabia watu, mahojiano manane kila eneo. Mdodosaji haingii nyumba anayoipenda. Anahesabu kaya kutoka mahali pa kuanzia, anaruka idadi ya kaya iliyopangwa. Ndani ya kaya anapishanisha, mahojiano haya mwanamume, yanayofuata mwanamke, na jina linachaguliwa kwa bahati kati ya watu wazima wote wa jinsia hiyo, hata aliyekwenda shamba. Ukimkosa unarudi jioni. Kwa sampuli hiyo majibu huwa na kosa la takribani asilimia 2 juu au chini. Ukitumia watu 1,200 kosa linafika kama 3.

Kinachoharibika hapo ni binadamu. Mdodosaji amechoka, jua kali, anakaa chini ya mwembe anajijazia majibu matatu. Vishikwambi vinaandika saa ya kuanza, saa ya kumaliza na mahali ulipo, kwa hiyo mahojiano ya saa nzima yaliyokwisha kwa dakika 14 yanaonekana Dar usiku huohuo. Mwingine hadanganyi ila anasoma swali kwa kulielekeza: "Umeridhika na huduma, siyo?" Huyo ni hatari zaidi maana kompyuta haimkamati.

Malipo ya udodosaji ni ya siku. Kwa mfano wa 50,000 kwa siku, siku 14 ni 700,000. Toa kodi ya zuio asilimia 5, inabaki 665,000, na humohumo mna kula na kulala. Ni hela ya msimu, kama ile ya uboreshaji wa daftari la wapigakura ulioanzia Kigoma Julai 2024, au ya uchaguzi wa 2025. Haijengi. Fedha ya miezi iko kwa anayebaki ofisini wadodosaji wakishaondoka: anayesafisha data, anayetengeneza majedwali, anayeandika kurasa mbili za muhtasari wa sera. Kwa watu ishirini walioingia kijijini, ofisini hubaki wawili, na hao wawili ndio wanaopigiwa simu mradi mwingine ukija.

Ufundi huo hujifunzwa bure. Data za Afrobarometer hupakuliwa bila malipo pamoja na kitabu cha namba (codebook) kinachoeleza kila swali lilipewa namba gani. Faili lake hufunguka kwa SPSS, programu ya takwimu ya kulipia, na asiye na leseni atumie R au PSPP ambazo ni bure. Zoezi ni moja tu: chukua ripoti yao moja ya Tanzania, chagua jedwali, lirudie mwenyewe kutoka kwenye data mpaka namba zako zilingane na zao. Hazitalingana mara ya kwanza. Mara nyingi sababu ni mbili. Umesahau uzito, ile safu inayosahihisha sampuli ifanane na nchi. Au umeacha majibu ya "sijui" ndani ya wastani: jibu hilo hupewa namba kama 9, kwa hiyo kwenye swali la 1 mpaka 4 watu kumi wasiojua wanapandisha wastani wa kijiji kizima. Ukishayagundua makosa hayo kwa mkono wako huyasahau tena, na kwenye usaili ukilieleza hilo kwa dakika mbili mkuu wa utafiti anaacha kuangalia GPA yako, yaani wastani wa alama za chuo. Wanafunzi wa siasa hukwepa somo la takwimu kwa kuogopa sapu, yaani kurudia mtihani. Ni somo pekee kwenye shahada yote ambalo lina bei sokoni.

GPA yenyewe ina kazi mahali pawili. Anayetaka kubaki chuoni kama mkufunzi msaidizi anahitaji 3.8 kwenda juu kwa shahada ya kwanza, na ya uzamili 4.0 ili apande. Chini ya hapo usijidanganye. Mahali pa pili ni kwenye ufadhili wa masomo ya nje, ambako daraja la pili la juu, kuanzia 3.5, ndilo linaloanza kusikilizwa. Chevening ya Uingereza hutaka na jambo la ziada ambalo wa kitaa wangelijua mapema wangefurahi: saa 2,800 za kazi, na za kujitolea zinahesabiwa. Basi ule mwaka wa kujitolea ofisi ya mtendaji bila malipo una thamani, ila uwe umeandikwa. Nunua kauntabuku, kila siku tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, ulichofanya, kila mwisho wa mwezi msimamizi asaini. Kwa saa 35 kwa wiki, saa 2,800 ni wiki 80. Anayekumbuka kuandika baada ya miaka miwili hujikuta anabahatisha, na barua ya mwajiri haiendani na fomu.

Kwa anayejiajiri kuna neno moja. Sheria ya Bodi haimsahau: anatakiwa alipe asilimia 10 ya kipato chake kinachotozwa kodi au angalau 100,000 kwa mwezi. Kwa mwenye kibanda cha wakala wa fedha za simu laki hiyo inauma kuliko 120,000 za mtumishi, maana hakatwi kabla hajaiona. Lazima aitoe mwenyewe kwenye mtaji. Anayekaa kimya miaka mitano hulikuta deni siku anayoajiriwa, na makato yanaanza mwezi uleule.

Na aliyeajiriwa naye, mwezi wa 90 hivi, aombe taarifa ya deni lake aone salio, alinganishe na slipu zake zote alizozihifadhi tangu ya kwanza. Mwezi wa 96 ile 120,000 inatakiwa isionekane tena kwenye makato. Ikionekana, slipu ndizo ushahidi wa kurudishiwa.